Klachi ya Gari la Kaka

Jumamosi mchana, wakati sokoni hakuna hata pa kuweka mguu, gari dogo jeupe lilikwama katikati ya mlima na kugoma kabisa. Injini ilinguruma, tena kwa nguvu, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Nyuma yake honi zikaanza, moja, kisha zote. Muuza machungwa akasogeza toroli lake pembeni, maana alishaona magari mengi yakirudi kinyumenyume katika mlima ule, na hakutaka kuokota machungwa barabarani.

Aliyeshika usukani alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, mrefu, mwembamba, na mwenye ulimi mkali kiasi kwamba mtaani walimwita Sindano. Siku hiyo alivaa gauni la njano la mikono mifupi, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, amesahau kuivua. Kwenye kiti cha nyuma gauni jeupe la harusi lilikuwa limelazwa ndani ya shuka safi kama mgonjwa. Mwenye gauni alikuwa anafunga ndoa jioni ileile.

Gereji ilikuwa hapohapo mlimani, na mwenye gereji alipachagua akijua anachofanya. Akatoka fundi mmoja, kijana mpana wa mabega, amevaa ovaroli la bluu lililokatwa mikono, akainama dirishani. Hakuuliza gari lina nini. Harufu ilikuwa imeshamwambia.

"Klachi imekwisha, dada. Hapa halipandi tena hata ulibembeleze."

"Sina muda wa kubembeleza. Bibi harusi ananisubiri, na gauni lake ndilo hilo hapo nyuma."

Fundi akalitazama gauni, kisha akaitazama mikono yake iliyojaa grisi. "Ngoja ninawe," akasema.

Walilisukuma gari hadi ndani ya geti. Fundi akajisugua kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka viwikoni, akajifunga khanga safi mikononi kama daktari, akalinyanyua gauni juu ya vichwa vya watu na kuingia nalo sokoni. Sindano alitangulia mbele akiomba njia. Kwa mara ya kwanza tangu soko lile lianze, watu walipisha bila kutukanwa. Muuza machungwa akamuuliza fundi harusi yake ni lini, naye akajibu kwamba gauni analo, anatafuta wa kulivaa. Sindano alisikia, akajifanya hajasikia, na mambo yalianzia hapo, wala tusizungushe maneno.

Sasa, gari halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake, muuza vioo, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Kaka mtu alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa gari. Aliliosha kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Alasiri alimwazima dada yake apeleke magauni kwa wateja, kwa sharti moja tu: apite barabara ya chini, iliyo tambarare, asipande mlima wa soko, kwa sababu mlima ule unakula magari. Siku ya gauni lile barabara ya chini ilikuwa imefungwa, kwa hiyo kaka hakugomba. Alisema tu kwamba litengenezwe vizuri.

Kubadilisha klachi si kazi ya kupuliza. Lazima giaboksi nzima ifunguliwe na kushushwa, na ni chuma kizito kisichotaka kushuka. Sindano alikuja kutazama, akakalia tairi kuukuu lililotandikwa gazeti, amevaa sketi ya zambarau ambayo haikuwa nguo ya kwenda gereji hata kidogo. Fundi alikuwa chini ya gari, amelalia katoni, miguu tu ndiyo inaonekana. Alipotoka alikuwa na pleti mbili za klachi mikononi. Ya zamani ilikuwa imelika mpaka ribiti, vile vijumari vinavyoishikilia, zimetokeza. Mpya ilikuwa nene, ina mkwaruzo mzuri pande zote.

"Hii ndiyo inayoshikana na injini ili gari liende," akamwambia. "Ukikanyaga pedali, zinaachana. Ukiachia, zinashikana. Ukikaa katikati, mguu si juu si chini, zinasuguana tu, na huko kusuguana ndiko kunakoiua."

Ili pleti ikae sawasawa katikati kabla ya kufungwa, alichomeka kijiti alichokichonga mwenyewe, kilicholainika kwa miaka ya mafuta. Sindano akacheka, akasema washonaji huita hiyo kupiga bandi: unashikiza nguo kwa uzi wa muda, ukishashona unautoa. Fundi akamwambia kumbe wote ni mafundi. Tangu siku hiyo hawakuitana jina jingine.

Fundi alikuwa na desturi yake. Kila mteja aliyebadilishiwa klachi alimpeleka mlimani, akakaa naye kiti cha pembeni, akamfundisha kulisimamisha gari kwa breki ya mkono badala ya kulishikilia kwa mguu. Sindano naye alipelekwa. Lakini njia nzima alikuwa anasimulia habari za bibi harusi mmoja aliyenenepa wiki ya harusi na kumlaumu mshonaji, na fundi alicheka mpaka wakapita mahali pa kufundishia. Alikumbuka jioni, akiwa anakunja vyombo vyake. Nitamwambia kesho, akajisemea.

Kesho haikufika. Kilichofika ni simu.

"Fundi."

"Naam, fundi."

"Leo nilivaa ile sketi ya zambarau. Muuza machungwa kaiona, wewe hukuiona."

"Nilikuwa chini ya lori, fundi. Ungepiga honi."

"Mimi nikupigie honi? Kwani wewe ni ng'ombe barabarani? Kesho nikipita, uwe getini."

Ndiyo, alikuwa anapita. Kila alasiri, badala ya barabara ya chini, Sindano alipanda mlima wa soko ambao hakuwa na safari nao. Foleni ilikuwa inasimama mbele ya gereji, naye alikuwa anasimama nayo, akilishikilia gari kwa klachi, mguu si juu si chini, injini ikilalamika, lisirudi nyuma wala lisiende mbele. Fundi alitoka getini akifuta mikono kwa kitambaa. Waliongea maneno machache dirishani, ya kijinga, yale ambayo wapendanao huyaona makubwa. Foleni ikisogea, yeye hasogei mpaka apigiwe honi. Wakati mwingine akifika juu aligeuza, akashuka, akapanda tena. Kaka alipouliza, alijibu kwamba anapita chini. Alijibu haraka, na kila mara uongo ulikuwa mwepesi kuliko wa jana.

Halafu ikaja siku ambayo kaka mwenyewe alikuwa na kioo kikubwa cha kupeleka saluni iliyo juu ya soko. Akakifunga vizuri nyuma kwa mablanketi, akamchukua dada yake amsaidie kukishusha. Katikati ya mlima, foleni ikasimama. Ilipoanza kwenda, kaka akaachia klachi na gari halikwenda. Injini ilipiga kelele, moshi wenye harufu kali ukapanda kutoka chini ya miguu yao, na gari likaanza kurudi nyuma polepole. Breki zilishika, lakini kwa kushtuka sana, na kioo kikapasuka chote.

Hakuna aliyeumia. Kaka alizima injini, akashuka, akatembea moja kwa moja hadi gereji iliyokuwa hatua chache tu. Sindano akamfuata.

Gereji ilikuwa imejaa wateja. Kaka hakupaza sauti sana, na hilo lilifanya kila mtu asikilize.

"Wewe ndiye uliyefunga klachi ya gari langu. Umeniwekea pleti ya mitumba."

"Niliweka mpya, kaka," fundi akasema.

"Mpya gani inayokufa upesi hivi? Gari linapita barabara ya chini kila siku. Dada yangu huyu hapa, muulize."

Fundi akamtazama Sindano. Watu wote wakamtazama Sindano. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake, zima, halihitaji hata kutafutwa. Lakini ili alitoe, ilibidi kaka yake asikie mbele ya watu kwamba amekuwa akidanganywa kila siku, na watu wasikie kwamba msichana wa watu huunguza gari la kaka yake ili atazamwe na mwanamume. Yeye, mwenye ulimi wa kuchoma, akatazama viatu vyake.

Fundi aliona. Naye akainamisha macho, na kuinamisha huko tukukumbuke. "Sina la kusema," akajibu.

Mwenye gereji aliwatazama wateja wake, akaona kila mmoja anafikiria gari lake mwenyewe. Akamwambia fundi avue ovaroli. Fundi akalivua palepale, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi, na kile kijiti chake cha mafuta akakitia mfukoni. Akapita mlangoni karibu kabisa na Sindano, na Sindano hakuinua uso.

Jioni ile simu ya Sindano iliita, ni fundi. Aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Angesema nini? Haikuita tena siku ile wala nyingine, naye akajua kwamba ameshachukiwa, tena kwa haki. Fundi naye alikuwa na sababu yake ya kutopiga tena, na haikuwa chuki.

Mtu aliyetenda kosa akakemewa hupata nafuu. Sindano hakukemewa na mtu. Kaka yake alimhurumia, akamwambia pole kwa kupanda gari bovu muda wote ule. Alimletea hata maandazi. Cherehani ilimshinda: alishona mkono wa kulia begani kushoto, akaufumua, akaushona tena vilevile. Gari lilikaa uani juu ya mawe, limefunikwa turubai, maana kaka aliapa hatalipeleka kwa fundi yeyote mpaka moyo wake upoe, na kila asubuhi Sindano alilipita akienda kuoga, akageuza uso kama anapita kwa mtu anayemdai.

Kilichommaliza ni wateja wake wawili, mama na binti, waliokuja kupima nguo. Mama mtu alikuwa anamshauri binti kuhusu gari lao. Alipeleke kwa yeyote, alisema, ila si yule kijana aliyefukuzwa gereji ya mlimani, yule wanayemwita Mitumba. Eti sasa anatengeneza pampu za maji kwenye yadi nyuma ya soko, na hata huko watu wanamwambia afungue mbele ya macho yao.

"Mitumba nani?" Sindano akauliza, na pini zilikuwa mdomoni.

"Jina lake hilo. Wewe humjui?"

Alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye mto wa pini. Akawaomba radhi, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kwa kaka yake.

Alimkuta anakata kioo. Akangoja mpaka kikatike, kwa sababu hata hatia ina adabu zake, kisha akamwambia yote amesimama: mlima, geti, sketi ya zambarau, mguu si juu si chini.

"Kila siku?" kaka akauliza.

"Kila siku."

"Na mimi nikakuita shahidi."

Hakugomba. Aliketi juu ya kasha la vioo, akavua miwani, akajifuta uso kwa kiganja. Sindano alingoja maneno makali ayapokee yaishe, lakini kaka yake alikuwa anafikiria jambo jingine kabisa. Alikuwa anamwona kijana akikunja ovaroli lake.

"Nilimvua nguo mtu mbele za watu," akasema. "Kwa mdomo wangu. Twende."

Walikwenda gereji kwa miguu. Kaka alitaka kusema yeye, maana ni yeye aliyetukana, lakini getini Sindano akamshika mkono. Akasimama palepale aliposimama siku ile, mbele ya wateja wengine na wachache walewale, akasema kwamba pleti ilikuwa mpya, kwamba aliiona kwa macho yake, na kwamba aliyeiunguza ni yeye, kwa kusimama mlimani kila alasiri ili amwone fundi. Mtu mmoja akacheka, mwenye gereji akamtazama, akaacha. Kaka naye akasema lake. Mwenye gereji alikuna kidevu, akasema ovaroli bado lipo, hakuna aliyelivaa, ila yeye anaona aibu kwenda kumchukua kijana. Akaongeza kwamba sokoni jina la Mitumba limeshashika, na hilo yeye hawezi kulifungua kwa spana.

Sindano akaenda peke yake. Yadi ya pampu ilikuwa nyuma ya soko, imejaa mabomba yenye kutu na madimbwi. Fundi alikuwa amechuchumaa, amevaa shati lililofifia, mikono ikiwa ndani ya tumbo la pampu. Alimwona Sindano, akasimama, na kwa mazoea akafuta mikono.

"Nimeshasema," Sindano akaanza kabla hata ya salamu. "Kaka anajua. Gereji nzima inajua. Nimesema ni mimi. Sikuja unisamehe, nimekuja ujue tu. Nilikutazama unafukuzwa kwa kosa langu nikatazama viatu. Hata viatu vyenyewe nimeshavitupa."

Fundi aligeuzageuza kitambaa.

"Fundi, mimi ni fundi klachi," akasema mwishowe. "Unadhani sikuinusa?"

"Kuinusa nini?"

"Pleti. Ulipoanza kupita tu, niliinusa inaungua. Nikaisikia injini. Kila mteja namfundisha breki ya mkono, wewe sikukufundisha. Mwanzo nilisahau. Baadaye sikusahau."

Sindano alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa.

"Ningekufundisha, ungesimama vizuri, ungepita vizuri, ungeondoka na foleni. Nilikuwa napenda vile unavyohangaika pale dirishani. Nikasema kesho, kesho. Kaka yako aliponishtaki lile la mitumba, nilikuwa na jingine baya zaidi mfukoni. Ningejiteteaje? Nilikupigia jioni nikwambie. Hukupokea, nikajua umeshaelewa mwenyewe na hunitaki."

Hapo ndipo Sindano alipokasirika, kwa mara ya kwanza tangu yaanze, na kukasirika kukamfaa. Alimwambia kwamba amekosa usingizi, ameharibu mikono ya magauni, amekula maandazi ya huruma, kumbe mwenzake anajua. Alimwambia kwamba breki zingechelewa kidogo kaka yake angekuwa maiti. Fundi akasema hilo ndilo linalomuamsha usiku. Sindano akasema naye pia. Wakakaa juu ya bomba moja kubwa, mbalimbali kidogo, na baada ya muda si mbalimbali tena. Hakuna aliyemwambia mwenzake nimekusamehe. Sindano aliegemeza tu kichwa kwenye bega la fundi, naye akakiacha.

Fundi hakutaka kurudi gereji kabla ya kulifungua gari lile lenyewe. Alikuja nyumbani asubuhi, akalala chini ya gari uani, na kaka akamshikia taa kwa mkono wake. Pleti ilitoka nyeusi, imeungua, lakini nene, na ribiti zake hazijaguswa. Fundi akamwonyesha, kisha kabla hajashukuriwa akamweleza na lile lake la kunusa na kunyamaza. Kaka alimtazama yeye, akamtazama dada yake mlangoni.

"Kwa hiyo mmelipika gari langu wawili," akasema. "Mmoja anachochea, mwingine anaonja."

Akageuka kuficha uso, na bega moja likamtikisika. Alikuwa anacheka, ingawa hakutaka ijulikane.

Gari lilipofungwa klachi mpya, walikwenda mlimani wote watatu, kaka nyuma akiwa amekikumbatia kioo kingine cha saluni, fundi pembeni, Sindano kwenye usukani. Foleni ikasimama mbele ya gereji.

"Sasa," fundi akasema. "Vuta breki ya mkono. Weka gia huru. Toa miguu yote."

Alivuta. Akatoa miguu akiwa ameuma mdomo. Gari likasimama lenyewe mlimani, kimya, halimwombi mtu chochote. Sindano akageuka, akamtazama mwanamume yule kwa nafasi, na hakukuwa na kitu kilichoungua.

"Ningeweza kukutazama hivi siku zote zile," akasema taratibu.

"Ungeweza. Ni mimi niliyekunyima."

Muuza machungwa akapita na toroli lake, akachungulia dirishani, akafurahi. "Mitumba! Umerudi?"

Fundi akainua mkono kumsalimia, kwa sababu muuza machungwa hakuwa na ubaya, lakini uso wake ulibadilika kidogo, na Sindano akauona ulivyobadilika. Alishusha kioo cha dirisha, akamwita yule mzee, akamweleza kwamba pleti ilikuwa mpya na aliyeiunguza ni yeye. Mzee akasema sawa mwanangu, akasukuma toroli lake, na mbele kidogo walimsikia akimwambia mwenzake kwamba Mitumba amerudi.

"Hilo halitatoka," fundi akasema. "Nitazeeka nalo. Nilikuwa nataka kuja kwa kaka yako, kuongea naye kama mtu na shemeji yake. Lakini fikiria kwanza. Watakuita mke wa Mitumba."

Kaka, nyuma ya kioo chake, alijifanya mtu asiye na masikio.

Sindano aliweka mguu kwenye klachi, akauzamisha mpaka chini kabisa, akaingiza gia ya kwanza. Mkono wake ulikuwa bado umeshika breki.

"Jina nilikupa mimi," akasema, "basi tutaitwa hilo wote."

Akaachia klachi mpaka ikashika, akashusha breki ya mkono, akaumalizia mguu mpaka juu, na gari likapanda.